Walezi wapya, acheni kuandika "mtulivu, hasumbui"

Nimeshinda na rundo la ripoti za muhula za Baby na Middle, madarasa ya wadogo kabisa hapa dei kea, kazi ya mikono ya mabinti tuliowapokea mwaka huu. Nimezisoma mpaka kichwa kimeniuma. "Mtulivu, hasumbui wenzake." Nafungua nyingine: "Mtulivu, ana nidhamu." Nyingine tena: "Anajitahidi, aongeze bidii." Mtoto ana miaka mitatu, aongeze bidii ya nini? Ya kulala mchana?

Nawapenda, na mnajua, maana simgawii chai yangu ya saa nne mtu nisiyempenda. Lakini makosa haya tuliyafanya sisi, enzi ambazo kazi hii ilikuwa ya binti aliyepata ziro fomu foo halafu shangazi yake akawa anafahamiana na mwenye kituo. Nyie mmekuja na vyeti. Basi kaeni, dada yenu ana maneno.

1. Jueni nani anawakagua. Dei kea ni ya Ustawi wa Jamii, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na tangu Januari 2022 Wizara ya Maendeleo ya Jamii ilipotenganishwa na ya Afya, huko ndiko tunakoripoti. Darasa la awali ni la Wizara ya Elimu na TAMISEMI, ile ya serikali za mitaa. Kwenye kituo chenye vyote viwili kama chetu, mtoto anayetoka Middle na kuvuka korido kwenda awali amehama wizara bila hata kubadilisha soksi. Afisa Ustawi akija anataka kuona vyoo, uzio, mahali pa kulala na idadi ya walezi. Mthibiti Ubora wa Shule, yule wa Elimu, anataka azimio la kazi, andalio la somo na kona za ujifunzaji zenye vitu, siyo kona zenye buibui. Kwa hiyo mgeni akiingia getini, ulizeni kwanza ni yupi. Kuna mwenzenu, simtaji, alimkimbilia Afisa Ustawi na andalio lake zuri la kuhesabu moja mpaka tano, limepigiwa mistari kwa wino mwekundu. Mama wa watu akalipokea kwa adabu, akaliweka mezani, akaomba kitabu cha ajali. Kitabu cha ajali kilikuwa na michoro ya harusi.

2. Ya haraka haraka, kwa kuwa hayana mjadala. Hesabu watoto kabla ya kutoka nje na baada ya kurudi. Mtoto hapewi bodaboda ambaye jina lake halipo kwenye fomu, hata kama mtoto anamwita anko. Dawa haitolewi bila maandishi ya mzazi. Uji upoe ndipo ugawiwe. Alama yoyote mwilini iandikwe asubuhi mtoto anapopokelewa, siyo jioni mama yake anapouliza. Picha za watoto hazipandi status.

3. Sasa hili la "mtulivu". Nimelisema kwenye vikao kwa mzaha, leo nalisema lote.

Nilikuwa na mtoto kwenye Baby, nitamwita Shabani, siyo jina lake. Darasa lilikuwa la watoto arobaini na kitu, mimi na msaidizi mmoja, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya saruji. Shabani alikaa pembeni karibu na dirisha. Halii akiletwa. Hapigani. Ukimwekea vizibo vya soda atavipanga mpaka saa ya uji. Wengine walikuwa wananipanda mgongoni, mmoja anakula chaki, mwingine kajisaidia, yeye kimya. Nilimshukuru Mungu kwa Shabani. Kuna siku nilimwambia msaidizi wangu, laiti wote wangekuwa hivi.

Nikiitisha mahudhurio hakuitika, nikasema ana aibu. Nikisema "simameni" alisimama wa mwisho, baada ya kuwatazama wenzake, nikasema ni mpole. Tukiimba alifuata kwa mikono, mdomo haufuati. Sikio moja lilikuwa na pamba kila baada ya muda, na ukimsogelea kuna harufu. Msaidizi wangu, ambaye hakuwa na cheti chochote, alinivuta pembeni akaniambia: "Dada, huyu masikio yanatoa usaha, tena siyo mara ya kwanza." Nikamjibu kuwa mama yake bila shaka anajua, atampeleka zahanati. Sikuandika popote. Sikumuuliza mama.

Halafu ukafika wakati wa ripoti. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: "Mtulivu, ana nidhamu, hasumbui wenzake. Hongera mzazi." Mama Shabani alikuwa anauza vitumbua asubuhi na kufua nguo za watu mchana. Aliisoma pale pale mlangoni, akanishika mkono kwa mikono miwili. Muhula uliofuata niliandika hivyo hivyo. Ripoti zote mbili nilizinakili kwenye faili, na faili bado ninalo.

Mwaka wa pili akapanda, akaenda kwa mwalimu mwingine. Huyo alikuwa na tabia niliyokuwa naiona ya ajabu: anazunguka nyuma ya watoto akiita majina yao kwa sauti ya kawaida huku akiwa hana kingine anachofanya. Shabani hakugeuka. Akampigia makofi nyuma ya kisogo. Hakugeuka. Akamwita mama yake siku ile ile. Zahanati wakampa rufaa, wakaishia kwa daktari wa masikio, na huko wakaambiwa kuwa usaha uliokaa muda mrefu umetoboa ngoma za masikio pande zote mbili, na sehemu kubwa ya usikivu imepungua. Kuna matibabu, ndiyo. Lakini mtoto alikuwa amefikisha umri ambao wenzake wanasimulia ndoto zao, yeye ana maneno ya kuhesabu kwa vidole. Mama yake alidhani amechelewa kuongea kwa kuwa hata baba yake alichelewa. Nani angemwambia tofauti? Mwalimu alikuwa amempa hongera.

Mama Shabani hakuja kugomba. Alikuja kuomba barua ya kueleza mtoto alikuwaje alipokuwa kwangu, kwa sababu daktari aliuliza tatizo lilianza lini. Nikafungua daftari langu la mwaka mzima kutafuta tarehe. Hakuna. Kuna mahudhurio, kuna ada, kuna nani kaleta sukari. Kuhusu mtoto mwenyewe kulikuwa na neno moja tu, mtulivu. Nilimwandikia barua ya kubahatisha, ya "takriban" na "inaonekana". Akaipokea, akasema, "Ahsante mwalimu, nilijua wewe utakuwa unajua, ulikuwa naye kutwa."

Sitawaambia kwamba sasa ni daktari. Alitibiwa, anakaa mbele darasani, na kuongea kwake hakujawafikia wenzake.

Nimejiuliza sana kwa nini sikuona, na jibu siyo kwamba nilikuwa na roho mbaya. Niliona kila kitu. Ila kwenye kituo kile utulivu ndio ulikuwa kazi. Mkuu akipita koridoni akasikia kimya anasema "hongera, darasa lako limekaa vizuri". Akisikia kelele anachungulia. Hakuna aliyewahi kuniuliza watoto wangapi wameanza kuunganisha maneno matatu. Mtu atafanya kile anachoulizwa, hasa akiwa peke yake na watoto arobaini wakati mwongozo kwa darasa la awali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, na hao wa Baby ni wadogo zaidi.

Kwa hiyo mkimwona mtoto aliyetulia kupita wenzake, msishukuru. Muiteni kwa nyuma. Andikeni tarehe.

4. Mambo mliyoandikiwa kwenye mkataba wenu siyo niliyoandikiwa mimi. Mimi nilipewa karatasi inayosema "kuangalia watoto". Tangu Desemba 2021 ilipozinduliwa PJT-MMMAM, yaani Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kila semina tunakumbushwa yale matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Jamani, hayo matano nayakubali. Ndiyo hasa yangemuokoa Shabani, kwa sababu yanamfanya mlezi aone sikio linalotoa usaha kuwa ni kazi yake na siyo ya zahanati peke yake. Kinachonikera ni namna yanavyokuja. Siku tatu ukumbini, kalamu, begi la kitambaa, soda, cheti cha mahudhurio, unarudi kwa watoto arobaini wale wale. Mwezi wa pili umesahau. Wale wa programu ya elimu ya awali ya Madrasa ya Zanzibar, walioanza 1990 wakifuata mfano wa Mombasa, waliwachukua kina mama wa mtaa ambao wengi hawakuwa na masomo makubwa, wakawafundisha, halafu wakawa wanawafuata darasani kuwatazama wakifanya. Hapo kwenye kufuatwa ndipo penye mafunzo. Mkipata mtu wa kukaa nyuma ya darasa lenu na kuwaambia ukweli, mpeni kiti, hata kama ni mimi na siku hiyo nina njaa.

5. Kusoma. Msiridhike na cheti cha miezi mitatu cha chuo chenye vyumba viwili juu ya duka la simu. Ulizeni kwanza kama kimesajiliwa NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya namna hii. Kisangara kule Mwanga wanafahamika kwa walezi, Montessori ya Msimbazi inafahamika, na kwa anayetaka kuhamia awali serikalini, mlango wa cheti cha ualimu cha Daraja la IIIA niliopitia mimi unazidi kuwa mwembamba, stashahada ndiyo inayotazamwa. Najua ada. Najua pia kwamba ukirudi na stashahada mwenye kituo atakupongeza sana mbele ya wazazi na mshahara hautasogea. Someni hivyo hivyo, maana cheti unaondoka nacho.

6. Mshahara, ambao ndio mnaonong'ona jikoni mkidhani sisikii.

Amri ya serikali ya kima cha chini cha mshahara ya 2013 iliweka shule binafsi, za awali zikiwemo, kwenye 140,000 kwa mwezi. Iliyoanza Januari 2023 ikapandisha mpaka 207,000. Sekta ambazo hazijatajwa kwa jina zikawa 150,000. Sasa tazameni ujanja. Mwenye kituo akitafuta watoto, bango ni "English Medium Nursery School", lina picha ya mtoto amevaa joho. Ikifika tarehe ya mshahara, "sisi siyo shule bwana, sisi ni kituo cha kulelea tu". Amechagua mstari wa chini. Amri nyingine imeanza Januari 2026, na kima cha sekta binafsi kimepanda kwa wastani wa asilimia 33.4. Wastani siyo mshahara wako. Itafuteni amri yenyewe, msome mstari wa sekta yenu, muichapishe. Kwa kulinganisha tu, na siyo kwa kuumizana roho, kima cha chini cha watumishi wa umma kilifika 500,000 Julai 2025.

Hesabuni saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inasema saa 45 kwa wiki, na zinazozidi zilipwe mara moja na nusu. Dei kea inafungua saa 12 asubuhi ili wazazi wawahi daladala, na mtoto wa mwisho anachukuliwa saa 12 jioni, au saa moja kukiwa na foleni ya Kimara. Anayefungua na kufunga mtu huyo huyo, siku tano, afanye hesabu mwenyewe. Mimi napendekeza zamu mbili kwa daftari linalosainiwa, na nimeshalipeleka pendekezo, na nimeshaambiwa "tutaliangalia", kwa hiyo tunaliangalia. Wakati tunaliangalia, kila mmoja aandike kwenye kijitabu chake saa aliyofika na saa aliyoondoka.

Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo. Inanichekesha, ila siyo kicheko cha furaha, kwamba walezi wa watoto ndio wanaoambiwa wakajifungue kisha "waombe tena nafasi". Ukiachishwa hivyo una siku 30 za kwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimalizia kwa kulia kwa shangazi.

Na msiende kuomba nyongeza mkiwa kundi lenye hasira siku ya mahafali. Nendeni wawili, katikati ya mwezi, mkiwa na amri iliyochapishwa, kijitabu cha saa na nakala za mikataba yenu. Asiye na nakala aiombe kwanza, kwa maandishi. Mkiambiwa hela hakuna, ulizeni basi msaidizi wa pili kwenye Baby, kwa kuwa hilo nalo ni malipo. Mkiambiwa "sisi hapa ni familia", ulizeni kama michango ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ya hii familia imepelekwa mwezi huu. Michango mnaweza kuiangalia kwa simu, namba ya uanachama iko kwenye kadi, na wawili kati yenu bado hamjaniletea fomu zijazwe.