Mtu wa Tanga na sheria za barafu

Mdogo wangu, umeuliza kama mhitimu wa sheria kutoka Tanga, ambaye barafu kaiona kwenye friji tu, anaweza kuwa mhadhiri wa sheria za bahari na ncha za dunia. Anaweza. Na bahari hii ya sheria si ya wageni: wazo la ukanda wa kiuchumi wa bahari, yaani eneo la bahari ambalo rasilimali zake ni haki ya nchi ya pwani, lilipelekwa mezani na Frank Njenga wa Kenya mwaka 1971, na Jaji Warioba wetu alikaa kwenye mahakama ya bahari kule Hamburg.

Usianze na maombi ya chuo, anza na swali la utafiti. Fungua Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 234. Ni aya moja tu. Kinaipa nchi ya pwani mamlaka ya ziada dhidi ya uchafuzi wa meli pale barafu inapofunika bahari sehemu kubwa ya mwaka. Sasa barafu ikiyeyuka, mamlaka hayo yanabaki? Kanada na Urusi zinakitegemea kifungu hicho. Swali la namna hiyo linabeba tasnifu nzima.

Chuo Kikuu cha Tromsø, Norwe, wana shahada ya uzamili ya sheria ya bahari, na cha Akureyri, Aisilandi, ya sheria za ncha. Ila Norwe tangu 2023 inatoza ada wanaotoka nje ya Ulaya, kwa hiyo tafuta ufadhili mapema. Uzamivu kule Norwe ni ajira yenye mshahara. Hiyo ndiyo ningeilenga.

Nitumie rasimu ya swali lako, nitaisoma.