Mpira tunao, mabao hatuna: je, tusajili namba 10?

Swali: Mimi ni kocha wa timu ya mtaa huku Katuba, Lubumbashi. Tunacheza 4-3-3. Mpira tunaushika sisi muda mwingi, lakini katika mechi tano za mwisho tumefunga bao moja, tena la kona. Viungo wangu watatu wanapasiana wao kwa wao, kisha mpira unarudi kwa beki. Viongozi wamechoka, wanataka tusajili namba 10, yaani kiungo mshambuliaji wa kutengeneza mabao. Unashauri nini?

Jibu: Ndugu kocha, waombe viongozi wasubiri kwanza na hizo pesa. Kwa ulivyoeleza, naona shida iko pale viungo wako wanaposimama, na huyo mgeni naye atasimama palepale.

Mechi ijayo, beki wako wa kati akiwa na mpira, watazame wale watatu. Bila shaka utawakuta wote wameshuka kuuomba, mbele ya viungo wa timu pinzani, wameligeuzia mgongo goli wanalotaka kulifunga. Mpinzani hana haja ya kutoka mahali pake. Anawaachia mpasiane mpaka mchoke, kwa sababu nyuma yake hakuna mtu wenu wa kumtia wasiwasi.

Ashuke mmoja tu, namba 6, yule kiungo anayekaa karibu na mabeki. Wawili wapande wakae kati ya viungo na mabeki wa mpinzani, mmoja kushoto, mwingine kulia. Watapitisha dakika nzima bila kugusa mpira na mashabiki watawapigia kelele. Wavumilie. Kiungo wa mpinzani akirudi kuwalinda, namba 6 anapata njia ya kusogea na mpira. Asiporudi, pasi inapita.

Kazi kubwa zaidi ni kupokea, na hapa ndipo ningetumia muda wangu wote wa mazoezi. Mpira ukiwa bado njiani, mchezaji ageuze shingo aangalie nyuma ya bega. Asimame kiupande, aone mpira na goli kwa pamoja. Aupokee kwa mguu ulio mbali na mpasiaji, mpira upite mbele ya mwili wake. Mguso huohuo unamgeuza. Akitumia mguu wa karibu atautuliza kwanza, beki atakuwa ameshamfikia, naye ataurudisha nyuma. Tunamwita mchezaji huyo hana ubunifu, na kumbe hajawahi kuliona goli akiwa na mpira! Tena kwenye viwanja vyetu vya udongo pasi laini inadundadunda. Ipigwe chini, kwa nguvu.

Akibanwa asiweze kugeuka, mpira uende kwa mshambuliaji wa kati, naye amwachie kiungo anayekuja akiwa ameelekea goli. Wakati huo mawinga wawe wameshaanza kukimbia nyuma ya mabeki.

Zoezi: chukua eneo la mita 30 kwa 20, ligawe vipande vitatu. Kila mwisho weka wachezaji wako wanne na mpinzani mmoja wa kuwasumbua. Katikati wawili kwa wawili. Pointi inahesabiwa mpira ukifika upande wa pili kupitia kwa mtu wa katikati aliyegeuka nao. Dakika nne, pumziko, halafu tena.

Viongozi wakikutajia Trésor Mputu, aliyewika na TP Mazembe ya hapo Lubumbashi, wana haki ya kumpenda. Mwaka 2009 CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilimtangaza mchezaji bora kati ya wanaocheza barani Afrika. Ila wakumbushe Desemba 2010 kule Abu Dhabi. Mputu alikuwa amefungiwa na FIFA, na bila yeye Mazembe iliifunga Pachuca ya Mexico 1-0, ikaifunga Internacional ya Brazil 2-0, ikafika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, timu ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo.

Ikiwa baada ya miezi miwili viungo wako wanasimama vizuri na kugeuka, lakini pasi ya mwisho bado inapotea, hapo tafuteni mtu. Siku ya majaribio msidanganywe na chenga: hesabuni ni mara ngapi anaangalia nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia.