Macbeth: alaumiwe nani?

Mdogo wangu, umeuliza kilichomwangusha Macbeth, mhusika mkuu wa tamthilia ya Shakespeare, ni wachawi, mkewe au yeye mwenyewe. Anza na Banquo, jemadari mwenzake: alisikia utabiri wa wachawi papo hapo, naye hakuua mtu. Tena wachawi walitaja ufalme tu, hawakumtuma Macbeth amuue Mfalme Duncan.

Kisha isome vizuri Tendo la 1, Onyesho la 7, maana jibu lako liko hapo. Macbeth anakiri kinachomsukuma ni tamaa, anaghairi, halafu mkewe anamsuta kuwa si mwanamume, anakubali tena. Mke ana sehemu yake, ndiyo. Lakini baadaye Macbeth anapanga kumuua Banquo bila kumwambia mkewe.

Usiandike "alilazimishwa", utapoteza alama. Aya ya wachawi mwoneshe mwalimu kabla ya kukabidhi insha. Wengi hukosea hapo.