Teknolojia mpya darasani: pa kuanzia mwalimu mwenye vipindi vingi

Mwalimu anapolemewa na teknolojia mpya, mara nyingi chanzo ni wingi wa mabadiliko yaliyomfikia kwa mpigo: projekta, vishikwambi, mfumo wa kuingiza alama, kundi la wazazi kwenye simu, programu ya mazoezi, na semina ya siku mbili iliyoyapitia yote haraka haraka. Mwenye vipindi zaidi ya ishirini kwa wiki hana nafasi ya kujifunza mambo matano. Jambo moja anaweza, na akilimudu, la pili humjia kwa urahisi zaidi.

Basi chagua moja, na ulichague kwa kulitazama somo lako kabla ya kukitazama kifaa. Ni wapi katika kipindi huoni kinachoendelea? Kwa wengi ni palepale: umefundisha dakika 20, umeuliza "Mmeelewa?", darasa zima limeitikia "Ndiyo, mwalimu", na ukweli unaujua wiki mbili baadaye ukiwa na rundo la karatasi za kusahihisha. Hapo ndipo tunaposhauri uanzie, kwa sababu hata kifaa kidogo kinakupa faida siku hiyohiyo.

Utaratibu wa kuujua ukweli huo hapohapo ulienezwa na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza kuutumia mwaka 1991. Unauliza swali moja la kuchagua jibu. Kila mwanafunzi anafikiri peke yake, kimya, dakika moja au mbili. Wote wanajibu kwa pamoja, nawe hutaji jibu sahihi. Ukiona waliopata ni chini ya asilimia 30, rudi nyuma ufundishe upya, kwa mfano tofauti. Wakizidi asilimia 70, eleza kwa ufupi uendelee. Wakiwa katikati, mwambie kila mmoja amtafute jirani mwenye jibu tofauti na lake wabishane dakika mbili au tatu, kisha wajibu tena swali lilelile. Kelele zitakuwepo, na ni kelele nzuri: pita kati ya madawati usikilize wanavyojieleza, maana humo utasikia kosa la darasa kwa lugha yao wenyewe.

Kinachoharibu hatua hii ni kuonyesha grafu ya majibu mapema. Programu nyingi za maswali huitoa kwenye skrini papo hapo. Wanafunzi wakiona wengi wamechagua B, wanahamia B, na mjadala unakuwa umekufa kabla ya kuanza. Tafuta kwenye mipangilio namna ya kuificha, au iwashe skrini upande wako tu.

Vifaa vya kujibia vina ngazi. Vidole vinatosha kuanzia: kimoja kwa A, viwili kwa B, vyote vikiinuliwa kwa ishara moja na kushikwa karibu na kifua ili jirani asichungulie. Ngazi ya pili ni kadi za Plickers, ambapo simu moja ya mwalimu inasoma darasa zima. Kila mwanafunzi ana kadi yake yenye mchoro wa mraba, anaigeuza upande wa jibu lake, nawe unaipitisha kamera taratibu. Kadi zikigoma kusomeka, kagua mambo matatu: vidole vimefunika sehemu ya mchoro, kadi zimepigwa plastiki inayong'aa hivyo zinarudisha mwanga, au wa nyuma wamezibwa na wa mbele. Vishikwambi ni ngazi ya tatu, na havina haraka.

Lakini kazi kubwa iko kwenye swali. Tuseme unafundisha desimali na umeuliza: ipi ni kubwa kuliko zote, A: 0.4, B: 0.35 au C: 0.125? Anayesoma desimali kama namba nzima atachagua C, kwa kuwa 125 inazidi 35 na 4. Huyo umemnasa. Ila yupo mwingine anayeamini kwamba desimali yenye tarakimu chache ndiyo kubwa, kwa hoja kwamba sehemu za kumi ni kubwa kuliko sehemu za mia. Huyo atachagua A, atahesabiwa amepata, na utaendelea na somo ukimwacha na kosa lake. Badilisha namba: A: 0.3, B: 0.45, C: 0.275. Sasa wa kwanza anaangukia C, wa pili anaangukia A, na B inabaki kwa anayeelewa. Maswali mawili yanayofanana hivyo kwa macho, moja linakudanganya na jingine linakwambia kweli. Hakuna programu itakayokufanyia kazi hii bila wewe kuijua mada. Majibu ya kupotosha, yaani yale yasiyo sahihi yanayomnasa mwenye kosa fulani, yachote kwenye makosa ya jaribio la mwaka jana. Daftari la kusahihishia lina mengi kuliko unavyodhani.

Projekta nayo ina mambo yake. Chumba chenye madirisha kinataka mashine ya lumeni (kipimo cha mwangaza) 3,000 na zaidi. Ikiwa dhaifu, elekeza picha kwenye ukuta usiopigwa na mwanga, utumie maandishi meusi juu ya rangi nyeupe, yenye ukubwa usiopungua 28. Kisha nenda ukae dawati la mwisho usome mwenyewe. Picha isipotokea, hakikisha kwanza kwamba projekta imechagua tundu lililochomekwa kebo, halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P uchague picha ileile ionekane pande zote mbili. Kebo ya VGA, ile ya zamani yenye pini nyingi, haibebi sauti, hivyo video itaonekana bila kusikika mpaka uunganishe spika kando. Na si kila tundu la USB-C, lile dogo la duaradufu, linatoa picha. Adapta inaweza kuwa nzima, ila kompyuta ndiyo isiyo na uwezo huo. Projekta ya taa izimwe kwa kitufe chake, na waya uchomolewe baada ya feni kusimama, kwa sababu kuikatia umeme ikiwa ya moto kunafupisha maisha ya taa.

Kuna kitufe kimoja tungependa kila mwalimu akijue: ukiwa unaonyesha slaidi za PowerPoint, bonyeza herufi B. Skrini inakuwa nyeusi na macho yote yanarudi kwako. Bonyeza tena, slaidi inarudi. Wanafunzi hawawezi kunakili na kusikiliza kwa wakati mmoja, na slaidi iliyojaa aya huwafanya wote wabaki kunakili tu. Weka mstari mmoja mmoja, hatua baada ya hatua, na ubao wa kawaida ubaki wa kukokotolea. Nakala ya slaidi iwe pia katika PDF kwenye flashi, kwa sababu ukifungua faili kwenye kompyuta nyingine isiyo na fonti (aina za herufi) zako, alama za hesabu huweza kuvurugika.

Mtandao ndio unaovunja vipindi vingi, na sababu yake ni hesabu nyepesi. Video ya ubora wa juu inakula takriban megabiti 5 kwa sekunde. Wanafunzi 40 wakiifungua kila mmoja kwenye kishikwambi chake, unahitaji megabiti 200, na rauta ndogo iliyotengenezwa kwa matumizi ya nyumbani itazidiwa na wingi wa vifaa hata kabla ya hapo. Pakua video jana yake, ionyeshe mara moja kwa projekta, uisimamishe kila dakika mbili uulize swali. Programu kama Kolibri zimeundwa kufanya kazi bila intaneti: masomo yanawekwa kwenye kompyuta moja na vifaa vingine vinayasoma kupitia rauta iliyo darasani.

Mkifikia vishikwambi, kimoja kwa wanafunzi wawili kinafundisha vizuri, mradi anayeshika abadilike kila dakika tano. Usipowabadilisha kwa kufuata saa, mmoja atagusa na mwenzake atatazama mpaka kengele. Nywila ziandikwe kwenye karatasi moja unayoitunza wewe, maana wanafunzi watano tu waliosahau wanaweza kumaliza dakika kumi za kipindi. Kila kifaa kiwe na namba, na kila namba iwe na jozi yake ya kudumu. Uharibifu hupungua mtu akijua kifaa kina mwenyewe.

Akili mnemba imewafikia wanafunzi pia tangu ChatGPT, programu inayojibu maswali na kuandika kama mtu, ilipotoka Novemba 2022. Usitegemee programu zinazodai kutambua maandishi yake: OpenAI, kampuni iliyoitengeneza ChatGPT, wenyewe waliiondoa programu yao ya utambuzi Julai 2023 kwa sababu haikuwa na usahihi wa kutosha, na kumshtaki mtoto kwa ushahidi wa namna hiyo ni kumdhulumu. Mwambie akueleze kazi yake kwa mdomo dakika mbili, utajua. Kwa upande wako, itumie akili mnemba kupata majibu kumi ya kupotosha pamoja na sababu ya kila moja, kisha uchague mawili. Kokotoa kila swali mwenyewe kabla ya kulipeleka darasani, linganisha istilahi na kitabu cha kiada, na usiweke humo jina wala alama za mwanafunzi yeyote.

Walimu wakuu nao tunawaomba jambo: msidai ripoti ya matumizi wiki ya pili. Waoanisheni walimu wawili wawili, mmoja akae nyuma ya darasa la mwenzake dakika kumi za mwanzo akiandika jambo moja tu, yaani dakika ngapi zimepita kabla ya mwanafunzi kuanza kufikiri kuhusu somo. Mfundisheni kila darasa wanafunzi wawili kuunganisha projekta, na muwabadilishe kila mwezi ili ujuzi uenee na wasichana wasiachwe pembeni.

Mwisho wa muhula, mwalimu, angalia zile dakika zilizoandikwa. Kama kuandaa kifaa bado kunakula dakika tano au zaidi kila kipindi, kirudishe kabatini, endelea na swali lilelile kwa vidole, na umpelekee mwalimu mkuu karatasi yenye hizo dakika pamoja na jina la kitu kinachokwamisha: kebo, soketi, rauta au nywila.