Mgane kumjengea mkewe kaburi la kifahari kanisani, ni imani au majivuno?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo Padre. Nimesoma habari za John of Gaunt, mtoto wa mfalme wa Uingereza. Mkewe Blanche alifariki 1368, akaagiza kaburi la kifahari ndani ya kanisa kuu la St Paul's London, na misa za kumwombea. Baadaye kaoa tena mara mbili, mmoja baada ya mwingine, ila alipokufa 1399 kazikwa pembeni ya Blanche. Hii ni imani au majivuno ya matajiri? Na hao wengine si aliwadhulumu?

JIBU: Milele amina mwanangu. Kabla hujamhukumu huyo Mwingereza fungua Mwanzo 23. Abrahamu alikuwa tajiri, Sara alipofariki akanunua pango la Makpela kwa Efroni Mhiti kwa shekeli 400 za fedha, na hata hakuomba punguzo, halafu sura ya 25 anamuoa Ketura na kuzaa naye watoto, lakini alipokufa Isaka na Ishmaeli wakamzika wapi? Kwa Sara. Kwa hiyo kuoa tena siyo kumsaliti marehemu (Warumi 7 inasema kifo kinafungua ndoa), na kulala pembeni ya mke wa kwanza siyo kumdhulumu wa pili. Kosa la huyo Mwingereza liko kwingine, alikuwa na nyumba ndogo, Katherine Swynford, wakati mke wa pili yuko hai, ndo huyo akaja kumuoa 1396. Hilo hata ujenge kaburi la dhahabu halifutiki bila toba.

Sasa kaburi lenyewe. Lilikuwa la alabasta, fundi alikuwa Henry Yevele, mwashi mkubwa kabisa wa zama zile, na juu yake kuna sanamu za mke na mume wamelala wameshikana mikono. Mimi naona ni upendo, ila na cheo kimo humohumo, tusidanganyane. Mtakatifu Augustino alishasema fahari ya mazishi inawafariji walio hai zaidi kuliko kumsaidia aliyekufa. Kinachomsaidia marehemu ni sala, misa na sadaka kwa maskini, ndo maana Yuda Mmakabayo alichangisha fedha akapeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari waliokufa (2 Wamakabayo 12).

Na angalia vilivyoishia. Mwaka 1547 serikali ya Uingereza ilifuta misa zote za namna ile na mali zilizowekwa kuzigharamia zikachukuliwa na mfalme, kisha 1666 moto mkubwa wa London ukalimaliza kanisa pamoja na kaburi. Alabasta imekwenda, ila misa zilizosomwa kabla ya hapo Mungu alishazipokea, hizo hakuna moto wa kuzichoma.

Siku hizi hata ukiwa na hela hutaruhusiwa, sheria ya Kanisa namba 1242 inakataza kuzika ndani ya kanisa isipokuwa papa, makardinali na maaskofu wa jimbo. Mgane akitaka kununua benchi au kengele kwa jina la mkewe aongee na paroko, ila asidhani ndo amemtoa toharani, yaani kule roho zinakotakaswa kabla ya kuingia mbinguni. Na akishaoa tena aendelee kuweka nia ya misa kwa yule wa kwanza, mke mpya hana sababu ya kununa. Hata huyo Blanche ukitaka kumwombea hujakatazwa, peleka jina kwa paroko wako, ataliandika kwenye daftari la nia wala hatakuuliza mlijuana wapi.