Kwani wazimamoto walikuwa wananyonya damu?

SWALI: Mwalimu habari yako, mi niko hapa Nyalenda, Kisumu. Nyanya yangu alitutembelea kutoka Siaya, gari ya faya ikapita na king'ora, akaniambia ati wakiwa wadogo wakisikia wazimamoto wamekuja walikuwa wanajificha kwa mahindi juu hao ni watu wa kunyonya damu. Mi nikacheka, yeye hakucheka. Si zimamoto ni watu wa kuzima moto tu? Hilo neno lilitoka wapi?

JIBU: Pole pole na nyanya, hajachanganyikiwa. Neno lenyewe halina siri, ni zima na moto yamebandikwa pamoja, na mahali gari inalala ndio kituo cha zimamoto, ingawa huku kwetu wengi watakuelewa haraka ukisema stesheni ya faya. Watanzania wameliweka hadi kwa jina la serikali, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Sasa hiyo ya damu. Wakati wa mkoloni hadithi hii ilienea Nairobi, ikafika Siaya, ikavuka mpaka hadi Uganda ambako waliitwa bazimamoto, ati wanavizia mtu akitembea peke yake usiku, wanamtoa damu, inapelekwa kwa wazungu kutengeneza dawa. Pwani walisema mumiani, na hiyo kwanza ilikuwa dawa tu, kitu cheusi kama lami kilichokuja na jina lake kutoka upande wa Uajemi na India. Wengine walisema kachinja. Mwanahistoria mmoja Mmarekani alihoji wazee huko huko Siaya miaka ya 1980 na wakamweleza kama jambo linalojulikana, si hekaya ya kulaza watoto.

Lakini kwa nini faya? Hebu fikiria ni miaka ya 1930, nyumba yako ya nyasi ikishika moto unaita majirani na mitungi ya maji, hakuna serikali inakuja. Halafu unaenda town unapata wanaume wa yunifomu, gari jekundu, mipira mirefu imekunjwa, wanalipwa na hujawahi kuwaona wakizima chochote cha mtu mweusi. Lazima ungejiuliza hawa kazi yao hasa ni gani, na hiyo mipira ni ya kuvuta nini. Mimi hapo siwalaumu hata kidogo.

Muulize nyanya kama kwao walisema wazimamoto ama kachinja, uniandikie.