Kwa mnaoanza somo la sheria ya jinai: kitabu mnacho, lakini hukumu mmeisoma?

Wadogo zangu mnaoanza jinai, wengi mnarithi vitabu kwa waliowatangulia, sawa hela ngumu naelewa, ila kabla hujafungua angalia toleo ni la mwaka gani. Chukua kesi ya Jogee ya 2016 kule Uingereza. Miaka zaidi ya 30 vitabu vilifundisha kwamba mkienda wawili kufanya uhalifu mwenzako akaua, wewe ukiwa uliona tu kwamba huenda akaua kwa makusudi basi na wewe ni muuaji. Mahakama ya Juu ikasema sheria ilipotea njia tangu kesi ya Chan Wing-Siu mwaka 1984, kuona kwamba jambo huenda likatokea ni ushahidi wa nia tu, nia yenyewe lazima ithibitishwe. Sasa wewe na toleo lako la 2012 unajaza ukurasa mzima kwa kujiamini, na watu walifungwa kwa kanuni hiyo ya zamani, ndo maana inaniuma nikiona mtu analichukulia poa.

Ufundishaji nao umebadilika. Zamani mhadhiri anasoma notsi mnaandika mnakariri, ingawa Langdell, mwalimu wa sheria pale Harvard, Marekani, alishaanza tangu 1870 kuwapa wanafunzi hukumu zenyewe na kuwabana kwa maswali. Siku hizi sehemu nyingi unapewa mkasa: mtu kachomwa kisu kwenye ugomvi, hospitali wakamtibu vibaya, kafa. Usikimbilie kuandika ni mauaji! Anza na kitendo, uliza kama ndicho kilichosababisha kifo, nenda kwenye nia, utetezi uje mwisho, na kumbuka kesi ya Woolmington ya 1935, mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka.

Hapo kwenye chanzo cha kifo soma kesi za Jordan ya 1956 na Smith ya 1959 pamoja, kitabu kitakupa mistari miwili tu kwa kila moja na utaona kama zinagongana, moja inalaumu matibabu, nyingine jeraha. Ukisoma hukumu zenyewe unaelewa, kwa Jordan jeraha lilikuwa karibu limepona na wakaendelea kumpa dawa ambayo mwili wake ulishaikataa, kwa Smith jeraha lilikuwa bado linaua japo matibabu yalikuwa mabovu. Tofauti iko kwenye ukweli wa kesi, na slaidi huwa hazina nafasi ya kuuweka.

Kwa hiyo kila wiki chukueni hukumu moja nzima, watatu wanne hivi, mmoja awe mashtaka mwingine utetezi, bishaneni kwanza, kitabu mfungue baadaye.